Siku moja kitaluni: kazi si kushika keni ya kumwagilia tu

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya taa kuwashwa, kidole kinaingia kwenye udongo wa trei ya miche. Ukiwa mkavu juu, trei inakaa kwenye beseni la maji yasiyo baridi dakika 20, inyonye kutokea chini. Kumwagilia juu kila asubuhi ndiko kunakokaribisha kinyausi, ugonjwa wa miche michanga: shina linanywea kama uzi pale linapogusa udongo, na mche unalala ungali kijani. Ukishalala hauamki. Ng'oa pamoja na udongo wake, punguza maji, ongeza hewa, na trei hiyo isitumike tena bila kuoshwa.

Saa moja, taa: sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, saa 14 hadi 16 kwa siku, nazo hupandishwa kadiri miche inavyokua. Saa mbili ni kusia mbegu. Nyanya hufukiwa nusu sentimita tu.

Saa tatu tunahamishia kwenye vikopo nyanya zilizotoa majani mawili halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu. Mche hushikwa jani. Jani likichanika litaota jingine. Shina likipondeka, basi tena. Nyanya izike karibu hadi kwenye majani, maana shina lake hutoa mizizi. Tango usilihamishe ovyo, halitaki mizizi yake iguswe. Lisie moja kwa moja kwenye kikopo chake.

Halafu anakuja mteja wa saa nne. Huyu hakosekani.

“Nipe ile mirefu.”

“Mama, ile imekimbilia mwanga. Bado.”

“Sasa hii mifupi ndiyo ya kuuza?”

Ndiyo yenyewe. Urefu anaousifu umetokana na mwanga hafifu na joto jingi: shina limevutika, upepo wa kwanza unalivunja. Mche wa nyanya ulio tayari ni mfupi, shina limekaribia unene wa penseli. Na hata huo haujatoka nje bado. Siku ya kwanza unapewa saa moja au mbili kivulini, mahali pasipo na upepo. Kila siku unaongezwa saa moja au mbili. Siku ya tatu au ya nne unaonja jua la asubuhi, la mchana bado. Maji yanapunguzwa, ila usiachwe unyauke. Siku 7 hadi 10 ndipo unaweza kulala nje, na usiku ukishuka chini ya nyuzi 10, nyanya na pilipili zinarudi ndani. Anayeruka hatua hizi hupanda leo, na kesho jioni majani yana mabaka meupe kama karatasi. Hayo ni majani yaliyoungua, hayarudi kijani. Atakuja kusema mbegu mbovu.

Anaondoka na mirefu sita. Umemwambia, umechoka kumwambia.

Mchana sijui unaishia wapi. Trei nje, trei ndani, wingu likipita nje tena, upepo ukigeuka unahamisha safu nzima hadi nyuma ya ukuta, mgongo unadai. Trei ya mwisho ikiingia giza limeshatanda. Kidole kinarudi udongoni: juu mkavu, chini bado kuna unyevu. Maji yatasubiri hadi kesho.