Rasta za Nairobi, hesabu za Arusha

Kila mzigo wa rasta (nywele za kusukia) kutoka Nairobi kuja Arusha ulikuwa unanimalizia faida. Msambazaji ananitajia bei asubuhi, jioni nikituma hela keshapandisha. Mpakani Namanga nako natozwa ushuru. Kumbe kosa kubwa lilikuwa langu: sikuwa nadai ankara (invoice). Rasta zile zinatengenezwa Kenya, na mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupatiwa cheti rahisi cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetengenezwa Afrika Mashariki) palepale mpakani, ukasamehewa ushuru wa forodha (VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, haisamehewi, usijidanganye).

Sasa nadai ankara inayoonyesha bei, itadumu hadi lini, na bidhaa ilitengenezwa wapi. Kisha najumlisha mzigo, VAT, nauli na makato ya kutuma pesa, nagawa kwa idadi ya pakiti. Msambazaji alinuna wiki mbili, akazoea.