Nilienda Kitulo mwezi wa saba nikakuta nyasi

Nikisema nimefika mara mbili Kitulo, ile hifadhi ya maua ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, swali la kwanza ni niende lini, na ukimsikiliza vizuri anayeuliza utakuta likizo yake ameshaomba anataka tu umwambie sawa. Simlaumu maana mi nilikuwa hivyohivyo. Likizo yangu ilikuwa mwezi wa saba, nilishaona picha za maua mtandaoni, nikafunga begi nikaenda. Aisee. Nilikuta nyasi. Nyasi rangi ya kamba ya katani mpaka macho yanapoishia, upepo unakata masikio, baridi ambayo sweta langu halikuwa na jibu nayo, na maua ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Askari wa hifadhi aliyekuwa ananitembeza aliniona nilivyonuna akacheka. "Pole dada, maua yapo, tumeyakanyaga tangu asubuhi." Nikajua ananitania tu.

Kumbe wala. Maua yenyewe mengi ni okidi (orchid), na okidi tulizozizoea ni zile za kushikilia kwenye miti, lakini za kule uwandani zinaota ardhini kwenye nyasi na chini zina kiazi. Mvua ikikata, shina linakauka majani yanapotea, kiazi kinabaki kimelala, baridi inapita juu, hata moto wa nyasi ukipita juu chenyewe kipo tu kinasubiri mvua irudi. Tena kuna kitu aliniambia nikakipenda sana, kwamba kile kiazi cha zamani kinajimaliza kulilisha ua la mwaka huu, na pembeni yake kinatengenezwa kingine kidogo cha mwaka ujao. Yani nilitembea siku nzima juu ya bustani iliyolala halafu nikarudi nyumbani kutangaza kwamba Kitulo hamna kitu.

Basi mwaka uliofuata nikapanga likizo kwa kufuata mvua. Kule inaanza kama Novemba hivi mpaka Aprili au Mei, maua yanakolea kati ya Desemba na Aprili, kwahiyo ukiyataka maua umekubali kulowa, hakuna njia ya katikati. Nilienda mwezi wa pili. Unaachia barabara kuu ya Mbeya na Dar pale Chimala unaanza kupanda kwenda Matamba kwa barabara wanaiita Hamsini na Saba, na ni kona hizo, hamsini na saba, mtu alikaa akazihesabu. Mi nilianza kuhesabu nikaishia ishirini na kitu maana nilikuwa nimefumba macho. Ukifika Matamba bado kama saa nzima ya gari ndo uwanda wenyewe, na mwezi wa pili saa hiyo utaiona yote, kila dimbwi.

Uwanda uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na hifadhi ilitangazwa 2005, kilomita za mraba 413 hivi. Kwa Afrika ya tropiki ndo hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa kwa ajili ya mimea hasa. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu, wataalamu wa mimea nao wakaja na la kwao, Serengeti ya Maua. Mi nipo na wenyeji. Hilo la Serengeti linafanya watu waulize simba wako wapi, na kuna kijana kwenye gari letu aliuliza kweli, akaonyeshwa tandawala anatembea zake kwenye nyasi kama mzee anakagua shamba, basi, huyo ndo alikuwa mnyama wetu mkubwa wa siku.

Sasa maua. Aina za mimea zinazotajwa ni 350 na okidi za ardhini peke yake 45, lakini saa nzima ya kwanza sikuona okidi hata moja, nilikuwa nahangaika na yale makubwa yanayojitangaza, yale marefu yenye kichwa kama kijinga cha moto, ya njano yaliyotapakaa mpaka kilima cha pili, nikapiga picha mia na zote zinafanana. Askari (yuleyule wa mwaka jana, alinikumbuka kwa kununa) akaniambia shuka chini. Nikachuchumaa. Akasema bado. Nikapiga magoti kwenye tope, na hapo ndo nikaziona, tena nyingi, nyingine hazifiki urefu wa kiganja, waridi, nyeupe yenye madoa, moja ya kijani ambayo ungeapa ni jani. Alinionyesha jinsi ya kuzitambua, zile za jamii inayoitwa Satyrium kila kiua kina vimikia viwili nyuma, ndani ndo kuna asali yake, mdudu mwenye ulimi mfupi asahau. Tulikaa eneo la ukubwa wa sebule karibu masaa mawili, wenzangu kwenye gari wanapiga honi.

Kwahiyo usibebe lenzi kubwa, beba kipande cha nailoni cha kupigia magoti. Na tafadhali usiondoke na mche, najua unajisemea mmoja tu. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ya maana, inaota pale tu inapokutana na fangasi wake kwenye udongo, na hata ikishakua, mimea mingi bado inamtegemea fangasi huyohuyo. Ukiung'oa umeubeba bila nusu yake. Utakufia kwenye chungu.

Tukiwa tunarudi tukakuta shimo pembeni ya njia, upana wa kiganja, udongo bado mbichi. Nikasema panya. Askari akasema chikanda. Ni chakula kinachopendwa sana Zambia, viazi vya okidi vinakaushwa vinatwangwa na karanga, na kwa miaka mingi viazi vya nyanda hizi za kusini vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa mpaka kwenda huko. Wachimbaji wenyewe wengi ni watu wanaotafuta ada ya shule, sio majambazi, hilo alilisema yeye na silaha yake begani. Mi nilikuwa nakumbuka Julai yangu, nilivyopita juu ya vyote hivyo bila kujua kimoja kiko wapi. Ua ndo linakitaja kiazi. Kile kitu nilichosafiri kukiona ndo alama ya mchimbaji.

Akachuchumaa akaingiza vidole shimoni, akapapasa, akatoa kiazi kidogo kama punje ya maharage, kile kipya cha pembeni, kilidondoka au waliona hakina maana sijui. Akakirudisha, akafukia, akakanyaga taratibu kwa kisigino cha buti.

Nimepiga picha ya jiwe lililo jirani na pale, na sisemi liko upande gani. Januari nikijaliwa napanda tena kuangalia.