Kaskazi, kusi na uwanja wa Port Reitz

Ukisimama Chaani au Magongo, mitaa jirani na uwanja wa ndege wa Moi huko Mombasa, mwezi wa Januari, mara nyingi ndege utaziona zikija kutua kutoka kusini-magharibi, zimevuka mkono wa bahari wa Port Reitz, pua zimeelekea kaskazini-mashariki. Ndege hutua na kupaa kwa kuukabili upepo, na upepo wa kaskazi hutokea huko. Rudi Julai, upepo wa kusi umekolea: sasa zinaingilia upande wa pili, kupitia pande za Jomvu na Mikindani. Wanaoishi chini ya njia hizo hawahitaji kalenda.

Nambari zilizochorwa kwenye njia ya kurukia zinasema jambo hilohilo. Uwanja wa Moi una njia kuu ya mita 3,350, iitwayo 03 upande mmoja na 21 upande mwingine. Ongeza sufuri upate nyuzi za dira: 30 na 210. Njia ya pili ni fupi, yapata mita 1,260, na nambari zake ni 15 na 33. Wengi huidharau, lakini nyuzi 150 ndiko kusini-mashariki, ambako kusi hutoka.

Piga hesabu. Kusi ya kilomita 37 kwa saa ikitoka nyuzi 150, na ndege inatua 21, tofauti ni nyuzi 60. Kilomita 18 hivi zinaipiga usoni, jambo zuri, lakini 32 zinaipiga ubavuni. Boeing 737 haijali. Cessna 172, ambayo watengenezaji wake waliionyesha ikitua katika upepo wa ubavu wa kilomita 28 tu, ina haki ya kuomba njia fupi. Ndege kubwa hutumia mwendo wa kaa: inashuka huku pua imegeuzwa upande wa upepo, na rubani anainyoosha sekunde chache kabla ya tairi kugusa lami. Akichelewa, tairi zinaguguna lami kwa upande. Akiwahi mno, upepo unamsukuma kando ya mstari wa kati. (Neno rubani lenyewe lilikuwa la vyombo vya bahari kabla ya kuwa la ndege, kwa hiyo hakuna lililobadilika sana.)

Na kweli, ndege kubwa zenyewe zilikuja Mombasa kama vyombo vya majini. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilikuwa ikileta ndege ndogo za magurudumu. Lakini mwaka 1937 Imperial Airways ilianza safari za ndege za majini kutoka Southampton hadi Durban, na Mombasa ikawa kituo baada ya Kisumu, kabla ya Dar es Salaam na Lindi. Zilikuwa Short Empire, injini nne, abiria wasiozidi 24. Zilifungwa kwenye boya, na abiria wakachukuliwa kwa mashua.

Faida ilikuwa wazi: bahari haihitaji kufyekwa wala kushindiliwa. Hasara zilijificha. Gogo linaloelea laweza kutoboa tumbo la ndege, kwa hiyo mashua ilitangulia kukagua njia. Maji yakichafuka, ndege hudundadunda. La ajabu zaidi, maji yakitulia kama kioo ndege hupata taabu kupaa, maana tumbo linanata majini. Dawa yake ni mashua kupita mbele na kuyavuruga kidogo.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoleta uwanja wa nchi kavu Port Reitz, kazi ya wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini. Mwaka 1942 kikosi cha meli za kivita za Uingereza katika Bahari ya Hindi kilihamia Kilindini, bandari ya Mombasa, na meli zinazobeba ndege zinahitaji pa kuziweka zikiwa bandarini. Baada ya vita zikaja East African Airways, kisha Kenya Airways mwaka 1977, na miaka ya mwisho ya 1970 uwanja ukapanuliwa kuwa wa kimataifa.

Hapo ndipo watalii wa Ulaya walipoanza kumiminika moja kwa moja, bila kupitia Nairobi. Mahoteli yalivuta, lakini hata hewa ilisaidia. Uwanja wa Moi uko mita 61 juu ya bahari. Ule wa Nairobi uko zaidi ya 1,600, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Katika hewa nyepesi mabawa hubeba kidogo na injini huvuta kidogo, hivyo ndege hukimbia zaidi kabla ya kupaa, au inapunguza mafuta, au abiria. Mombasa joto hula sehemu ya faida hiyo, lakini si yote.

Kwa wanaokwenda Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, kiwanja cha ndege cha Ukunda kilipendwa kwa sababu moja: feri ya Likoni. Ndege haingoji foleni ya magari. Tangu barabara ya Dongo Kundu ivushe watu kwa madaraja ya Mwache na Mteza, gari latoka uwanja wa Moi hadi kusini bila kuingia kisiwani, kwa hiyo linganisha nauli upya kabla ya kukata tiketi ya Ukunda.

Kuhusu kiti: ndege ikitua kwa 03, kisiwa na bahari viko kulia, ikitua kwa 21, viko kushoto. Kati ya Desemba na Machi chagua kulia, Juni hadi Septemba kushoto. Wakati wa maleleji, pepo zikibadilishana zamu, chagua kiti cha karibu na mlango.