Silingi ya pikapu iliyolegea: kilichokufa ni sponji

Silingi ya pikapu ya zamani ikianza kuning'inia, lawama huangukia kitambaa. Mara nyingi kitambaa bado ni kizima. Kilichokufa ni sponji nyembamba, ya milimita 3 hivi, iliyoshikanishwa na mgongo wake tangu kiwandani. Joto na unyevu wa miaka mingi huila sponji hiyo mpaka inageuka unga, na kitambaa kinakosa pa kushikilia. Vuta kona iliyolegea, pitisha kidole kwenye bodi, yaani ubao mgumu uliobeba kitambaa: kitatoka na unga wa rangi ya kahawia unaong'ang'ania ngozi. Ndiyo maana kupuliza gundi ya kopo kwa pembeni au kuchomeka pini hakudumu. Gundi inashika unga, na unga haujashika kitu.

Kwa hiyo silingi lazima ishushwe yote. (Pikapu kuukuu zaidi hazina bodi, zina vinaili iliyopitishiwa fito za chuma. Hizo zina utaratibu wake, na maelezo haya hayazihusu.)

Anza kwa kuchomoa waya hasi wa betri. Kama gari lina mifuko ya hewa kwenye ukingo wa paa, utaona maandishi yake kwenye nguzo na soketi za manjano. Hapo subiri dakika 10 kabla ya kugusa kitu, na usizipime waya hizo kwa kifaa cha kupimia umeme. Kisha fungua vizuia jua, taa ya ndani, mishikio ya mkono, plastiki za nguzo za mbele na za kati, boliti ya juu ya mkanda wa kiti, na mwisho plastiki iliyo juu ya kioo cha nyuma. Klipu uzing'oe kwa kijiti cha plastiki kilichowekwa karibu kabisa na klipu yenyewe, maana ukivuta mbali nayo paneli itapasuka. Plastiki ya zamani ikiwa baridi ni kama bisikuti. Fanya kazi gari likiwa limepata joto la jua, au ipashe kwa kikausha nywele. Skrubu za kila kipande zitie kwenye mfuko wake na uandike jina, kwa sababu zinafanana na urefu wake haulingani, na skrubu ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kutoboa bati la paa.

Kuitoa bodi kunataka watu wawili. Laza viti nyuma kabisa, inamisha upande mmoja, itoe polepole kupitia mlango wa abiria. Kwenye kebini ya milango miwili nafasi ni finyu na mara nyingi ni nafuu kufungua kiti chenyewe. Usiikunje bodi hata kidogo. Bodi ya nyuzi zilizoshindiliwa ikikunjika inabaki na mstari, na mstari huo utaonekana chini ya kitambaa kipya.

Sasa paa liko wazi, na hutaliona tena kwa miaka. Tafuta maji. Mmoja amwage maji kwa mpira juu ya gari, mwingine akae ndani na tochi. Mshukiwa wa kwanza ni raba ya taa ya breki iliyo juu ya kioo cha nyuma. Wanaofuata ni kitako cha antena, maungio ya mabati kwenye mifereji ya pembeni, na ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Madoa yaliyo mgongoni mwa bodi yanasaidia, lakini maji hutembea kwenye mbavu za paa kabla ya kudondoka, hivyo doa halimaanishi kwamba tundu liko juu yake moja kwa moja. Kutu isugue hadi bati safi, paka primu, kisha rangi.

Hapa ndipo pia pa kupunguza kelele na joto. Karatasi za butili (raba laini inayonata) za milimita 2 zenye foili, zikifunika kama theluthi moja ya bati kati ya mbavu, zinatosha kuua mlio wa debe. Kufunika kila inchi ni kuongeza uzito bure. Zikandamize kwa rola mpaka foili ilale kabisa. Juu yake weka sponji nzito isiyonyonya maji, milimita 5 au 6. Usitumie utepe wa lami wa kuezekea nyumba: unayeyuka na harufu haiishi. Kabla ya kuendelea, rudisha bodi tupu mahali pake uone kama klipu bado zinafika. Hili husahaulika sana, na kitambaa kikishabandikwa ni uchungu kugundua kwamba bodi haipandi.

Kusafisha bodi ndiko kazi yenyewe. Fanyia nje, vaa barakoa, tumia burashi ya nailoni. Burashi ya waya inachimba bodi, na maji yanailainisha. Sugua kwa mwelekeo mmoja, fagia, sugua tena, kisha nyonya vumbi kwa mashine. Mabaki ya gundi yaliyokauka yapitie kwa msasa namba 80, mkono mwepesi. Kipimo ni kiganja chako: kipitishe kwenye bodi nzima, na kikitoka na vumbi bado hujamaliza. Sehemu ambayo utaichoka ukaiacha ndiyo itakayoanza kushuka. Nyufa, ambazo hupenda kutokea kwenye matundu ya vizuia jua, ziimarishe kwa mgongoni kwa kipande cha faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na rezini, gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu. Jaribu tone moja kwanza pembeni, kwani baadhi ya bodi zina moyo wa povu linaloweza kuliwa na rezini.

Kitambaa kiwe kile cha silingi za magari, chenye sponji mgongoni tayari. Kitambaa kitupu kinapitisha gundi na kuonyesha kila kovu la bodi. Upana wake wa kawaida ni mita 1.5. Kebini ya milango miwili hutosheka na mita 1.5 hadi 2, ya milango minne mita 2 hadi 2.5, ila pima bodi yako na uongeze sentimita 10 kila upande. Kama bodi ina mabonde marefu, kivute dukani: lazima kinyumbuke kwa urefu na kwa upana.

Gundi iwe ya kupaka pande zote mbili na ya kustahimili joto. Tafuta kopo lililoandikwa nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu paa la gari lililoegeshwa juani huchemka. Ipulize, usiipake kwa brashi. Brashi inaacha matuta, na gundi nyingi inalowesha sponji na kuifanya ngumu. Puliza matabaka mawili mepesi, la pili likikatiza la kwanza. Subiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole inanata bila kutoka na kidole. Ukiwahi, mvuke ulionaswa unaleta malengelenge. Kuwe na hewa ya kutosha, na moto uwe mbali.

Tandaza kitambaa kikavu, kunja nusu yake, paka gundi nusu hiyo na nusu ya bodi, bandika kutoka katikati kwenda pembeni, kisha hamia nusu ya pili. Kwenye bonde, shusha kitambaa kwanza hadi chini kabisa, ndipo upande kuta zake. Kikipita juu ya bonde kimekazwa kama ngozi ya ngoma, kitajivuta na kung'oka siku ya jua kali. Tumia kiganja kilichofunguka. Ncha za vidole zinabonyeza sponji mpaka inajigandisha, na alama haitoki.

Kingo zikunje sentimita 3 kwenda mgongoni, isipokuwa zile zinazoingia chini ya raba ya mlango, ambazo unene wa ziada huzizuia kukaa. Tundu la taa likate kwa alama ya X na ukunje pembe ndani. Matundu ya skrubu yafungue kwa msumari uliopashwa moto. Drili inazoa uzi mmoja, inauzungusha, na kwa kufumba na kufumbua mstari umefumuka hadi katikati ya silingi.

Iache bodi ilale saa 24. Wakati huo osha plastiki za nguzo kwa sabuni na uangalie mgongoni: zilizoandikwa ABS zinaungika kwa gundi ya asetoni, zilizoandikwa PP hazikubali, na rangi yake inahitaji kwanza dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Paneli za milango za hadibodi zikiwa zimevimba, kosa ni karatasi ya nailoni iliyochanika nyuma yake. Irudishe kwa kamba ya butili kabla ya kufunga paneli mpya.

Unaporudisha, ning'iniza bodi kwa vizuia jua na taa bila kukaza, ipangilie na ukingo wa kioo cha mbele, ndipo ukaze. Boliti ya mkanda wa kiti ikaze siku hiyohiyo, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Betri iunganishe mwisho.