Harufu ya ngozi kwenye moto

Jana jioni majirani wa nyuma walikua wanamtoa mwali, mi niko uani naanua nguo, wapiga ngoma wakawasha maboksi karibu na ukuta wetu ili wapashe ngoma zao. Ikapanda ile harufu ya ngozi ya ng'ombe inapoanza kushika joto, sio ya kuungua, ile ya kabla ya kuungua, nikajikuta nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na nguo zote mapajani. Kitinda mimba wangu akatoka jikoni akauliza, mama unaumwa? Nikasema hapana. Akasema sasa mbona unalia.

Huyu ndo yule wa fomu ya Bagamoyo. Anataka kwenda TaSUBa, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Chuo cha Sanaa, akasomee ngoma. Wiki ya tatu hii fomu iko juu ya kabati. Na nilipomkatalia neno lililonitoka mdomoni ni "uhuni". Mimi. Nimelisema mimi hilo neno kwa mtoto wa mpiga ngoma.

Ilikua Juni 1997, upande wa Maswa, wakati huo bado tuko mkoa wa Shinyanga. Nilikua na miaka 18 na ndoa ya miaka miwili. Alichokua ananifanyia sitaandika, waliopitia wanajua na ambao hawajapitia nawaombea wasije wakajua. Nitasema usiku wa mwisho tu. Alikaa mlangoni ananoa panga kwenye jiwe, taratibu, huku anahesabu ng'ombe aliowatoa kwa baba, mmoja mmoja kwa rangi zao, yule mwekundu, yule wa madoa, yule mweusi mwenye pembe moja, mpaka wakafika 14. Alafu anaanza upya. Hakunitukana hata mara moja usiku ule na ndo maana nilijua.

Nyumbani nilishakimbilia mara mbili na mara mbili nikarudishwa. Baba hakua mtu mbaya, nataka hili lieleweke, ila ng'ombe hawakuwepo tena, 9 kati yao walishaenda kumuolea kaka mke, kwahiyo mimi nikiachika ina maana ndoa ya kaka nayo inatikisika, na wifi alishakua na mimba. Nikapelekwa mbele ya wazee, nikaambiwa mwanamke ni uvumilivu. Miaka mingi baadae ndo nikaja kusikia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kumbe ilikuwepo muda wote ule.

Mara ya tatu sikwenda nyumbani. Alfajiri alipolala nilipita dirishani, nikatembea kwenye mashamba ya pamba nikifata ngoma iliyokua inalia mbali. Ni msimu wenyewe, watu wamevuna, vikundi vinazunguka kutoka kijiji hadi kijiji kushindana. Nilikuta kikundi cha wageni kimepiga kambi chini ya mkwaju na lori la kukodi pembeni. Mama mmoja mtu mzima, wote walikua wanamwita Mayu, aliniangalia miguu, akaniangalia jicho lililovimba, akauliza neno moja tu. Umekula? Nikatingisha kichwa. Akanipa uji kwenye kibuyu alafu akamwita kijana mmoja wa ngoma, akamwambia huyu atakusaidia moto.

Kwahiyo kazi yangu ya kwanza kwa wale watu ilikua kuokota nyasi kavu. Yule kijana alikua anaegemeza ngoma karibu na moto, anaigeuza kidogokidogo kama mtu anayechoma muhindi, anaisogeza, alafu anainama anaweka sikio karibu na ngozi na kuigonga kwa kidole cha kati. Tup. "Bado." Anairudisha. Tup. "Bado." Hakuniuliza jina. Hakuniuliza jicho limefanyaje. Ila kila akigonga alikua ananiangalia kama anataka na mi nisikie, na ilipofika mara ya nne au ya tano ikatoa sauti nyingine kabisa, ya juu, safi, nikasema kabla yake, hiyo tayari. Akacheka. Nilikua sijamfanya mtu acheke kwa muda mrefu sana.

Mchana wakaanza kushindana. Kwa ambao hamjaona ngoma za Usukumani, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, kimoja huku kimoja kule, na mshindi anaamuliwa na watu kwa miguu yao, upande wenye watu wengi ndo umeshinda. Kwahiyo umati unakimbia huku na kule, kukitokea kituko upande huu wote wanahamia. Mi nimekaa chini nyuma ya ngoma kubwa, nimejifunika kaniki ya Mayu, nachochea moto. Nikanyanyua macho nikamuona. Yuko na kaka zake wawili, wanakata uwanja katikati pale ambapo hapakua na watu, maana wakati ule umati ulikua kule kwa wenzetu. Panga kashika mkononi kama mtu anayetoka shamba.

Sikupiga kelele. Nilishika mguu wa ngoma tu, na nadhani yule kijana alihisi, kwasababu hakuacha kupiga, hakugeuka, ila alibadilisha mapigo. Manju, yule anayeongoza nyimbo, akasikia, akageuka, akaona wale wanaume watatu, akaniona mimi. Kikundi kilikua na nyoka wa kufungia onyesho, wa mwisho kabisa jua likienda kuzama. Wakamtoa saa ile ile. Sanduku likafunguliwa, mchezaji akamnyanyua chatu na kumweka shingoni, chatu mzima mnene kama paja, na ule uwanja wote ukapiga ukelele mmoja ukaja kwetu mbio. Wote. Wazee, watoto, wamama wenye vichanga mgongoni. Wakaziba. Nilikua naona miguu tu, miguu mamia na vumbi, na sauti yake nikaisikia mara moja ikiita jina langu, ikamezwa. Mayu akaja akanikalia. Simaanishi alikaa pembeni, alinikalia kabisa na kaniki yake, akawa anapiga makofi na kuitikia wimbo juu ya mgongo wangu. Mpaka leo nikifumba macho nasikia uzito wa yule mama. Na hiyo harufu, kwasababu uso wangu ulikua kwenye ubavu wa ngoma na ngozi ilikua bado ya moto.

Usiku tukapanda lori, nikalala kati ya sanduku la chatu na ngoma, tukaelekea Magu alafu Kisesa, Bujora, kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Sikurudi.

Mengine yalienda haraka. Nilipika, nikafua, nikajifunza kuitikia, mwaka wa pili nikawa nacheza na jembe kwenye ngoma ya bugobogobo. Yule kijana hakunigusa hata mkono mpaka siku aliponiambia ameongea na Mayu anataka kwenda kwa baba. Alienda na ng'ombe 3 tu na ahadi. Wengine tuliwalipa kidogokidogo kwa hela za ngoma, wa 14 alifika mwaka 2003, baba akawapeleka wote kule walikotoka na nikawa huru kwa mila pia. Mama yangu hakuwahi kuona siku hiyo. Na kaka, ambae ndoa yake haikuvunjika na wana watoto 6, mpaka leo tunasalimiana misibani tu. Sijui nimlaumu au nimuombe radhi, kuna miaka nataka hiki na kuna miaka nataka kile.

Mayu alizikwa 2011. Nilifika siku moja baada ya maziko.

Sasa hili neno uhuni limekaa wapi ndani yangu miaka yote hii nashindwa kuelewa. Waheshimiwa wote walinirudisha, waliosema bado na tayari mbele ya moto ndo walionificha. Lakini pia nakumbuka njaa, kulala chini kwenye umande, wanaume wanaokuja usiku kambini kuuliza bei ya wachezaji na Mayu anawafukuza na mwiko. Binti yangu hatakua na Mayu huko Bagamoyo. Nilimwambia hivyo jana nikiwa bado kwenye ndoo, akanyamaza.

Mzee alikua ndani, masikio yake siku hizi sio mazuri, redio anasikilizia karibu na shavu. Wale vijana wakapiga mara ya kwanza. Akaongea kwa sauti kutoka kwenye kiti chake, "Hiyo kubwa bado."

Binti akapanda kwenye tofali, akachungulia ukutani. "Baba anasema hiyo kubwa bado, irudisheni kwenye moto!" Wakacheka, lakini wakairudisha.