Nimechaguliwa na wachache

Matokeo yalitangazwa jana usiku. Mimi ndiye mwenyekiti mteule wa umoja wa wanafunzi. Pongezi zimejaa kwenye simu na nyingine bado sijazijibu, lakini nataka kuandika haya kabla ya kuapishwa, wakati mambo yangali mabichi kichwani.

Kwenye karatasi ya matokeo kuna namba moja ambayo hakuna aliyeigusia pale ukumbini. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wenye haki ya kupiga kura hawakupiga. Za wale waliopiga ziligawanyika kwa wagombea wanne, nami nikawatangulia wenzangu kwa tofauti ndogo. Ukipiga hesabu, waliotia alama mbele ya jina langu hawafiki hata mmoja kati ya watano katika chuo kizima. Ushindi ni halali kabisa, kwa kuwa katiba ya umoja wetu inasema mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, na haikuweka kiwango cha chini cha wapiga kura. Hata hivyo, nimekesha nikiifikiria namba hiyo.

Kilichonisukuma kugombea ni sapu, yaani mitihani ya marudio. Mwaka jana matokeo ya mitihani yalichelewa mno, na wenzetu wengi walijua kwamba wana mtihani wa marudio siku chache tu kabla ya kuufanya. Wengine walishasafiri, wengine walishaanza vibarua vya likizo. Tukauliza: ratiba hii hupitishwa wapi? Tukaambiwa, kwenye Seneti, kikao cha chuo kinachosimamia masomo na mitihani. Je, wanafunzi hawana mjumbe Seneti? Wanaye. Alisema nini siku hiyo? Hakuna aliyejua. Ndipo nikaichukua katiba ya umoja na kuisoma yote, ibara kwa ibara, na nikashangaa kuona tuna viti vingi kiasi gani: Seneti, Baraza la Chuo, kamati ya nidhamu, kamati ya malazi, kamati ya maktaba. Viti tunavyo. Taarifa ya yanayosemwa kwenye viti hivyo ndiyo hatukuwahi kuipata.

Fomu, sahihi za wadhamini, cheti cha kuonyesha kwamba huna kesi ya nidhamu, hayo yote yalipita bila shida.

Mtihani wa kwanza ulitoka kwa watu wa upande wangu. Kaka mmoja wa mwaka wa nne, mwenye jina kubwa chuoni na wapambe kila bweni, aliniita pembeni. "Dada, kura za wasichana unazo. Njoo uwe makamu wangu, tunashinda asubuhi na mapema." Nikamjibu, "Kaka, kura za wavulana unazo. Mbona usiwe makamu wangu wewe?" Akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo. Baada yake walinijia wengine, wakiwemo wasichana wenzangu, kwa ushauri uleule: anza na umakamu, upate uzoefu, mwakani utapanda. Sina neno baya na umakamu wala na wanaoutumikia vizuri. Ninachokipinga ni ile desturi ya kumtafuta msichana ili tiketi ya mtu mwingine ionekane imekamilika, kisha mwaka mzima anasubiri mwenyekiti apate udhuru ndipo aongoze kikao. Nina sera zangu na nilitaka zihukumiwe kama sera za mgombea uenyekiti. Nashukuru nilisimama hapo.

Kampeni yenyewe niliifanya zaidi kwa miguu. Mabango tulibandika, jumbe tulisambaza kwenye makundi ya simu, lakini mtu haulizwi swali na bango. Kwa hiyo kila jioni, ndani ya saa zilizoruhusiwa na tume ya uchaguzi, tulipita mabwenini chumba kwa chumba. Hodi, karibu, jina langu fulani, nagombea nafasi fulani, nina dakika tano. Halafu nikajifunza kuzigawa zile dakika tano upya: moja ya kwangu, nne za wenye chumba.

Wa mwaka wa kwanza walinipokea kwa furaha. Walitaka kujua kila kitu, hata umoja una akaunti ngapi na nani husaini hundi. Kadiri nilivyopanda kwenda kwa wa mwaka wa tatu na wa nne, ndivyo milango ilivyofunguliwa nusu. Jamaa mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu mezani, akasema: "Mheshimiwa, mimi nimepiga kura mara mbili hapa. Hebu nitajie jambo moja, moja tu, ambalo viongozi walirudi kutuambia baada ya kuapishwa." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kwa dhati na alisubiri jibu. Nikamwambia sina la kumtajia. Akanishukuru kwa kutomdanganya na akaniambia kwamba hatapiga kura, na mwenzake aliyekuwa kitandani akaitikia.

Tangu jioni hiyo nikaacha kuwaza kuhusu nani ananiunga mkono na nani hapana, nikaanza kuuliza kila chumba swali moja: utapiga kura, na kama hutapiga, kwa nini? Majibu yalinifungua macho. Watu hupenda kusema wanafunzi hawajali. Wapo wasiojali, lakini si wengi kama tunavyodhani. Kulikuwa na wanafunzi wa programu za jioni, ambao hufika chuoni vituo vya kura vikiwa vinafungwa. Kulikuwa na wenzetu walioko kwenye mafunzo kwa vitendo, mbali na chuo kwa muhula mzima, ambao majina yao yamo kwenye daftari la wapiga kura lakini wao wenyewe hawana njia ya kulifikia sanduku. Kulikuwa na dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye kituo chake kilipangwa ghorofa ya pili kwenye jengo lisilo na lifti. Hilo la mwisho nililipeleka tume asubuhi yake, na nawapongeza, kwani walikihamishia kituo ukumbi wa chini kabla ya siku ya kura. Mawili yale mengine walisema yanahitaji mabadiliko ya kanuni, na ni kweli.

Na kulikuwa na kundi jingine, ambalo nalifikiria zaidi ya yote: waliotusikiliza wagombea wote wanne na hawakumtaka hata mmoja. Hawa wafanye nini? Wakiharibu kura, inahesabiwa pamoja na za waliokosea kutia alama. Wakibaki vyumbani, wanaitwa wavivu. Katika vyama vingi vya wanafunzi huko Uingereza, karatasi ya kura huwa na chaguo moja zaidi chini ya majina ya wagombea, la kutaka uteuzi ufunguliwe upya. Chaguo hilo likishinda, hakuna anayepata nafasi na mchakato unaanza tena. Hata mgombea aliyebaki peke yake hapiti bila kupingwa, maana analazimika kulishinda chaguo hilo. Wengi hukohuko huwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ili wa mwisho anapotolewa, kura zake zihamie kwa chaguo linalofuata la mpiga kura. Kwa utaratibu wetu, watu wanne wakigawana kura, mmoja anaweza kuongoza jamii ambayo wengi wao wangempendelea mtu mwingine yeyote. Huenda mtu huyo ni mimi. Sina njia ya kujua, na hilo linanisumbua.

Kwenye mdahalo wa wagombea, swali lililongojewa na ukumbi mzima lilikuwa la ada. Mwenzangu wa kwanza aliahidi kwamba akichaguliwa ada itapungua. Wa pili akaahidi itapungua zaidi. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Mpambe wangu mkuu alikuwa ameketi mbele, akinitazama kwa macho ya kuniomba niseme kitu cha kufanana na hayo. Nilipopewa kipaza sauti nikasema ninavyoelewa: ada huamuliwa kwenye Baraza la Chuo, na humo viti vyetu havitoshi kushinda kura peke yetu. Mwenyekiti wa wanafunzi hawezi kupunguza ada. Anachoweza ni kudai makabrasha ya kikao mapema, kukuleteeni pendekezo lolote la kupandisha kabla halijapigiwa kura, kuingia na hesabu na hoja zenu kwa maandishi, na kutoka akakwambieni nani alisema nini. "Hilo naliahidi. La kupunguza siahidi." Hakukuwa na shangwe. Nyuma kabisa mtu mmoja alipiga makofi, kisha wachache wakamfuata.

Wapo waliosema baadaye kwamba pale nilijiuza kwa uongozi wa chuo kabla hata sijachaguliwa. Siwakubalii. Nguvu ya wanafunzi ni jambo la zamani na la kweli. Bologna, chuo kikuu cha Italia ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuanza mwaka 1088, wanafunzi ndio waliokuwa wakimchagua rekta, yaani mkuu wao, na mwalimu aliyechelewa kuanza kipindi alitozwa faini. Nguvu yao ilitokana na jambo lililo wazi: wao ndio waliokuwa wakiwalipa walimu, na walikuwa tayari kuondoka mjini kwa pamoja. Walijua mkono wao unafika wapi. Nami nawataka wanafunzi wenzangu wajue mkono wetu unafika wapi leo, wasije wakanipigia makofi kwa ahadi ambayo kila mwenye kusoma katiba yetu anaona haitekelezeki.

Siku ya kura ilikwenda salama. Mawakala wetu walikaa vituoni tangu masanduku yalipofunguliwa yakiwa matupu hadi yalipofungwa kwa lakiri, na wakati wa kuhesabu kila karatasi iliinuliwa juu ikaonekana. Kilichobaki ni ile namba.

Usiku wa kuamkia leo nilikumbuka kisa cha Nelson Mandela alipokuwa mwanafunzi kwenye chuo cha Fort Hare, Afrika Kusini, mwaka 1940. Wanafunzi walikuwa wakilalamikia chakula na kutaka baraza lao lipewe madaraka zaidi, na wengi wakakubaliana kususia uchaguzi wa baraza hilo. Takriban mmoja kati ya sita tu ndiye aliyepiga kura. Mandela alikuwa miongoni mwa sita waliochaguliwa, na wote sita wakajiuzulu wakisema hawana ridhaa ya walio wengi. Mkuu wa chuo, Alexander Kerr, akaitisha uchaguzi mwingine kwenye ukumbi wa chakula, wanafunzi wote wakiwepo. Wakapiga kura walewale wachache, wakachaguliwa walewale sita. Safari hii watano walikubali, kwa hoja kwamba wote walikuwepo na aliyetaka angeweza kupiga. Mandela aliona hakuna kilichobadilika, akakataa tena peke yake, ingawa aliambiwa wazi kwamba msimamo huo utamgharimu masomo yake pale.

Nimejiuliza kama nami napaswa kukataa. Nimeona hapana, na sababu yangu ni hii: pale Fort Hare wengi walikutana, wakajadiliana, wakaamua kwa pamoja kutopiga kura. Kukubali kiti kungekuwa kuwasaliti. Hapa kwetu hakuna aliyesusia kwa azimio. Waliokosa kura wamekosa kwa sababu mbalimbali, nyingine za kanuni mbovu na nyingine za kukata tamaa, na kujiuzulu kwangu kusingemsogeza hata mmoja wao karibu na sanduku. Ila somo la kisa kile silikwepi. Wasiopiga kura wana uzito uleule wa waliopiga, na nisiposema kwa niaba yao pia, basi nimekalia kiti cha wachache tu.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekutana na wenzangu watakaounda kamati ya utendaji na nimewaeleza ninayotaka tuanze nayo. Kwanza, kila mjumbe wetu atakayeingia kwenye kikao chochote cha chuo aandike taarifa ya ukurasa mmoja ndani ya wiki, ibandikwe mabwenini na itumwe kwenye simu, ikieleza agenda, msimamo alioutoa na uamuzi uliofikiwa. Asiyehudhuria, jina lake liandikwe pia, likiwemo langu. Pili, tupeleke kwenye bunge la wanafunzi marekebisho ya kanuni za uchaguzi: saa za kupiga kura ziongezwe hadi usiku, walioko kwenye mafunzo kwa vitendo wapewe njia ya kupiga kura wakiwa hukohuko, na karatasi ya kura iwe na nafasi ya kuwakataa wagombea wote. Tulibishana sana juu ya hilo la tatu. Mmoja alisema tunajichimbia kaburi, kwamba mwakani tunaweza kukataliwa sote. Nikamwambia ndiyo, tunaweza, na ndiyo maana nalitaka.

La taarifa nalo lilipata upinzani, wa busara zaidi: baadhi ya mambo ya vikao ni ya siri, hasa kesi za nidhamu. Tumekubaliana kwamba jina la mwanafunzi halitatajwa kamwe na yaliyopigwa muhuri wa siri hayatatoka, lakini muhuri huo tutauheshimu pale tu unapokuwepo kweli. Tusijitungie siri sisi wenyewe.

Ratiba ya mitihani ya marudio iko kwenye agenda ya kikao kijacho cha Seneti. Nimeshamwandikia katibu wa Seneti kuomba makabrasha mapema. Nimewaomba pia wenzetu kadhaa waliokumbwa na sapu za ghafla mwaka jana, wakiwemo wawili walioniambia waziwazi kwamba hawakupiga kura, tukae pamoja mwisho wa wiki hii tuandike hoja. Mmoja amekubali. Mwingine amesema atafikiria, nami nitampitia kesho jioni.