Mimi, Binti Yangu na Jongoo wa Bamburi

Jumamosi iliyopita mke wangu, ambaye ni muuguzi, aliitwa kazini ghafla kushika zamu ya mwenzake aliyeugua, nami nikabaki na binti yetu wa mwaka mmoja na miezi minane pamoja na ahadi niliyokuwa nimeitoa mbele ya mashahidi kwamba siku hiyo tungekwenda Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, Mombasa, kumwona twiga. Nilimpigia simu mamangu kumwuliza kama angeweza kufuatana nasi. Alicheka, akasema magoti yake hayana tena habari na safari za Bamburi, kisha akanipa nasaha moja tu: "Mwanangu, kigari kiache nyumbani. Chukua leso mbili."

Leso moja ni ya kumbebea mtoto mgongoni. Ya pili ni ya mengine yote, yaani kutandika, kufuta, kukinga jua na kufunikia lisilofaa kuonekana na watu. Niliziondoa kambani bila kuzisoma, na ilikuwa tumeshapanda matatu pale Buxton, tukivuka Daraja la Nyali, ndipo nilipoona kwamba ile ambayo ningeizungusha kifuani mwangu kutwa nzima ilikuwa imeandikwa "Wasemao na waseme." Sikuwa na nyingine ya kubadilisha. Nakiri hata hivyo kwamba kufikia adhuhuri niliiona inafaa kabisa, maana tangu makanga wa matatu hadi mama wa madafu, watu wasiopungua sita waliniuliza mamake mtoto yuko wapi, na wawili kati yao hawakuridhika na jibu.

Mtu aliye peke yake na mtoto wa umri huu ana mkono mmoja tu. Hilo sikulielewa vizuri mpaka nilipojaribu kulipa nauli kwa simu huku yeye akitaka kubonyeza yeye, na namba ya siri ikakataa mara mbili. Mara ya tatu ingekataa tena kama abiria aliyekaa kando yetu, bibi mmoja mwenye buibui, hangemwita binti yangu kwa jina alilolibuni papo hapo na kumshughulisha na bangili zake. Kwa sababu hiyo nawashauri wenzangu watenge pesa taslimu za nauli na za kiingilio katika mfuko wa shati tangu nyumbani, kila fungu mahali pake, na wafungue vifuniko vyote vya chupa kabla ya kutoka kisha wavifunge kwa kulegeza. Uji niliutia katika chupa ya chai yenye kifuniko cha kubofya. Huo ndio uamuzi pekee wa siku ile ninaojisifu nao.

Tulifika kabla ya saa nne. Mpango wangu ulikuwa umenyooka: tutembee hadi kwa twiga, tuwe pale saa tano wakati wa kulishwa, tupite kwa mamba, tumalizie kwa kiboko, turudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Niliutengeneza mpango huo kana kwamba ninakwenda na mtu mzima mwenye miguu mifupi. Mara tu tulipoingia chini ya mivinje, miti ile yenye majani kama sindano, binti yangu alijinyonganyonga mgongoni hadi nikamshusha, naye akaanza kutembea kwa namna yake, hatua tatu mbele na mbili kando, akisimama kila penye jani. Pale kivuli ni cha kutosha na ardhi imefunikwa na zulia la sindano za mvinje zilizokauka, laini kiasi kwamba akianguka hacheki wala halii, anainuka tu. Kipande cha njia ambacho mimi hukimaliza kwa dakika tatu kilituchukua karibu dakika 40.

Sababu kubwa ilikuwa jongoo. Alikuwa mweusi anayeng'aa, mrefu kama kidole changu cha kati, mwenye miguu myekundu iliyokuwa ikienda kama wimbi kutoka nyuma kuja mbele. Binti yangu alichuchumaa, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti kama wazee wanaotazama bao, akanyamaza. Mtoto huyu hajapata kunyamaza kwa hiari tangu azaliwe. Nikamwambia, kwa kukosa la kusema, "Tazama, treni." Akarudia, "Teni." Jongoo akakutana na kijiti, akakipanda, mbele yake ikashuka upande wa pili huku nyuma yake bado ikipanda upande wa kwanza, na mtoto akapiga kofi moja. Kisha tukaona wa pili, na wa tatu. Nilipojaribu kumwinua twende kwa twiga aligeuka ubao, jinsi watoto wanavyojua kugeuka ubao, nikakaa chini nami.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya isipokuwa kutazama majongoo, nilianza kuwafikiria, na nikakumbuka kwamba hao ndio hasa wenye mahali pale. Mahali tulipokuwa tumechuchumaa palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kwa miaka mingi mawe ya matumbawe yalichimbwa hapo hadi sakafu ikakaribia maji ya chini ya ardhi, likabaki jangwa jeupe lenye chumvi ambalo jua lilikuwa likilichoma bila kizuizi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kujaribu kupanda miti. Katika aina 26 alizozijaribu ni 3 tu zilizostahimili, na mojawapo ni mvinje, ambao mizizini mwake una vinundu vya vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hivyo huweza kuishi pasipo na udongo wa kuulisha. Miti ikakua; lakini sindano zake zikawa zinaanguka na kurundikana bila kuoza, kwa sababu zina tanini nyingi, kemikali ya mimea ambayo bakteria hawaiwezi. Ndipo wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu. Wao walizila zile sindano, na kinyesi chao kikawa chakula ambacho bakteria wangeweza kukivunja na kukifanya udongo, ambao baadaye ulibeba miti mingine, nyasi, na hatimaye wanyama ambao watu huja kuwatazama.

Yaani katika umati wote uliotupita asubuhi ile ukiharakia kwa twiga, mtu pekee aliyesimama kwa heshima mbele ya walioifanya kazi alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na alikuwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili tulikipata wakati wa kurudi.

Kwa twiga tulifika saa tano imepita, watu wakiwa wamejaa jukwaani. Binti yangu alikuwa amewaona twiga kwenye kitabu, wenye ukubwa wa kiganja, na nadhani alitarajia hao. Mmoja alipoinamisha kichwa chake, ambacho ni kirefu kuliko mtoto mwenyewe tangu unyweleni hadi kiunoni, akautoa ulimi ule mrefu wa rangi ya zambarau iliyokolea na kuuzungusha kwenye kiganja changu chenye chakula, kilio kilichofuata kiliwafanya watu watugeukie sisi badala ya twiga. Babu mmoja aliyekuja na wajukuu wake alinisogezea nafasi ya kupita, akasema kwa upole, "Mtoe kwanza, mwanangu, atamwona mwakani." Nilifuata maneno yake. Nimewahi kuona wazazi wakimlazimisha mtoto aguse ili picha ipatikane, na sikumbuki hata picha moja ya namna hiyo iliyopendeza.

Tulitandika leso ya pili chini ya mti, nikatoa mahamri na uji. Hapa kosa ni langu peke yangu, kwa sababu nililijua: tumbili wa pale wanaufahamu mlio wa mfuko ukifunguliwa kuliko tunavyoufahamu sisi. Niligeuka kumpangusa mtoto mdomo, na nilipogeuka tena mfuko wa mahamri ulikuwa juu ya tawi. Binti yangu, ambaye dakika kumi kabla alikuwa akilia kwa hofu ya mnyama mpole asiyekula nyama, alimtazama mwizi huyu mwenye meno akapunga mkono na kusema, "Kwaheri."

Swali ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni la haja ndogo, na simaanishi ya mtoto. Ya mtoto ina nepi. Mtu mzima aliye peke yake atamwacha wapi mtoto? Kumpa mtu usiyemjua umshikie hakuwezekani, kumsimamisha mlangoni pia hakuwezekani, na kusubiri hadi nyumbani kulikuwa kumeshindikana. Jibu ni ile leso ya kwanza. Nilimfunga mgongoni kwa fundo la kifuani, kama nilivyowaona mama zangu wakifanya maisha yangu yote bila kuwafikiria, nikaingia naye, nikatoka naye, mikono yote miwili ikiwa huru kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulipotoka alikuwa amelaza shavu kati ya mabega yangu, na kabla hatujafika kwa makobe alikuwa usingizini.

Kwa hiyo makobe na viboko niliwaona mimi. Nilisimama muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama pale, kwani mtoto aliyelala mgongoni haamshwi kwa kukimbizwa. Wengi wanaikumbuka habari ya Owen, ndama wa kiboko aliyebaki peke yake karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa na kuletwa hapa, na alipofunguliwa tu akamkimbilia kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aliyeitwa Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130 hivi. Picha zilizoenea duniani zinawaonyesha wamelala ubavu kwa ubavu. Kila mara habari hiyo inaposimuliwa husimuliwa kwa upande wa ndama, aliyepoteza mama akapata pa kujificha. Siku ile, mgongo ukiniuma na jasho la mtoto likipenya kwenye shati langu, nilimfikiria zaidi Mzee, ambaye hakuombwa rai. Inasemekana mwanzoni alikuwa akijaribu kumkwepa. Ukitilia maanani mwendo wa kobe, hakufika mbali.

Nje ya lango nilinunua dafu, nikalinywa nimesimama, kisha mama aliyeniuzia akalipasua na kunikwangulia nyama yake kwa kipande cha kifuu, akaiweka kando na kusema ni ya mtoto akiamka, nisiile. Nikamwambia sitaila. Akanitazama kama ambaye amewahi kuwajua akina baba, akaifunga katika karatasi na kuitia mwenyewe mfukoni mwangu.

Jioni mke wangu aliporudi alivua viatu mlangoni, akampakata binti yake na kumwuliza leo Baba amemwonyesha nini. Nilikuwa nimekaa kando nikisubiri twiga atajwe, au angalau yule tumbili.

"Teni," akasema binti yangu, akainua vidole vyote kumi na kuvitembeza hewani kimoja baada ya kingine. "Teni, teni, teni."

Mke wangu akanigeukia. "Nyinyi mlikwenda Bamburi," akauliza, "au mlikwenda stesheni ya treni Miritini?"